Niliyemuua kwa Malaria

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, kibao cha duka langu hapa Maji ya Chai huwa hakina kazi. Kimeandikwa fotokopi, laminesheni, picha za pasipoti. Wanaokuja miezi hiyo hawafuati hayo. Wanakuja kuandikiwa barua ya mfadhili, na barua wanayoitaka wanaiita "ile ya kulia".

Nilifundisha Kiingereza sekondari mpaka nikastaafu. Kiinua mgongo kikanunua kompyuta na mashine ya fotokopi, nikapanga fremu hii kando ya barabara, mahali mabasi yanapopunguza mwendo. Wageni kwetu hawakosekani. Wanakuja kupanda mlima na kuangalia wanyama, na mtu akishakaa siku tatu hotelini akitazama twiga, moyo unamlainika, anaanza kutafuta mtoto wa kusomesha. Maombi ya chuo yenyewe ni kazi ya kawaida: namba ya mtihani, cheti cha kuzaliwa, picha yenye pazia jeupe nyuma, kuchagua kozi, kubonyeza. Mkopo wa serikali nao una fomu zake na mihuri yake. Lakini mkopo ukija nusu, au usipokuja kabisa, kinachobaki ni barua.

Barua ya kwanza niliyoandika ilikuwa ya kweli. Ilikuwa ya kijana mmoja wa Akheri ambaye wazazi wake wote wawili walikuwa wamelala chini ya migomba. Niliandika alichonieleza, nikanyoosha sarufi basi. Mama mmoja wa ng'ambo akaisoma, akalia, kijana akaenda chuo. Habari ikashuka kutoka Akheri mpaka Kikwe upesi kuliko tangazo la msiba. Mwaka uliofuata watu wakaanza kuniletea watoto wenye baba na mama wazima, wengine wazazi wenyewe wamesimama hapo hapo mlangoni, wanaomba mtoto aandikwe yatima.

Mama mmoja aliniambia bila kupepesa macho, "Mwalimu, mtoe tu baba yao. Kwani akiwepo ana faida gani?"

Ningesema nilimfukuza, ningependeza. Sikumfukuza. Nilimtoa baba yao, na baada yake nikamtoa mwingine, na mwingine. Nikaujua ufundi wa kazi hiyo kama mshona viatu anavyojua nyuzi zake. Kibatari kinaingia aya ya pili, hata kama nyumba ina umeme. Miguu peku inaingia kabla shule ya msingi haijaisha. Mama muuza ndizi anaingia mwishoni, amechoka, anamshukuru Mungu. Nilikuwa hodari. Siku moja nilizitandaza mezani barua tatu ili nizikague pamoja, nikaona kibatari kile kile kinawaka katika nyumba tatu. Nilisikia kinyaa mpaka nikaenda nje kutema mate. Halafu nikarudi, nikazichapa, nikapokea changu.

Na watoto wenyewe, Mungu anisamehe, wengi walinichefua hata kabla ya barua. Nyuma ya duka nina meza ndefu ambayo wakati wa likizo huwa naiachia wa kidato cha tano na sita wasomee bure. Anakuja mtu na ratiba ya kusoma iliyopigwa rangi tano, imepambwa kama kadi ya harusi, juu imeandikwa MUNGU KWANZA. Saa kumi alfajiri Fizikia, saa kumi na moja Kemia, saa kumi na mbili sala. Nikimuuliza jana saa kumi alfajiri alikuwa wapi, anacheka. Wiki nzima imekwenda kwenye kuchora ratiba. Simu yake imejaa video za wanaume wenye suti za kung'aa wanaopiga kelele kwamba ndoto zako hazitakiwi kulala. "Ndoto zenu zinalala vizuri tu," nilikuwa nawaambia. "Nazisikia hapa zinakoroma."

Walicheka sana. Kesho yake walikuja na ratiba mpya.

Binti wa Kikwe hakuwa na ratiba. Alikuja likizo ya kidato cha tano akiwa na baba yake, mkulima wa nyanya na mahindi, mwembamba, meno ya kahawia kama ya wengi waliokulia kwenye maji ya huku. Huyo baba alisimama nje ya mlango, kofia mkononi, mpaka nilipomwambia mara ya pili akae.

"Shikamoo mwalimu," alisema. "Nimekuletea mtoto. Mimi sikusoma, kwa hiyo sijui nikuombe umfundishe nini. Wewe utaona mwenyewe."

Sijawahi kusikia mzazi akisema hivyo. Wengine wote wanajua. Wanataka udaktari, wanataka sheria, wanataka mtoto aongee Kiingereza cha puani. Nikamwonyesha binti njia moja tu, ile niliyoiamini miaka yote: soma ukurasa mmoja, funga kitabu, andika kilichobaki kichwani, fungua, jione ulivyo. Nilimpa karatasi zilizoharibika kwenye mashine aandike mgongoni mwake. Wengine nikiwafundisha njia hiyo wanaikimbia, maana inakuonyesha upumbavu wako saa hiyo hiyo. Yeye aliupenda upumbavu wake. Alikuwa anautazama, anatikisa kichwa, anarudia ukurasa. Saa kumi na moja jioni baba yake alikuwa anakuja na baiskeli, anakaa kwenye ngazi ya duka bila kumwita. Akimaliza anamaliza. Wakati mwingine yule mtu alikaa pale saa nzima akiangalia magari.

Matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu vizuri. Tukaomba vyuo, akachaguliwa Dar es Salaam kusomea uhandisi wa maji. Mkopo ukaja kidogo, wa kumfikisha labda Krismasi. Shangazi yake alikuwa anafua mashuka kwenye hoteli moja ya wageni, na huko akapata wazungu wawili, mume na mke, watu wazima waliostaafu, waliosema wako tayari kusoma barua ya huyo msichana. Ilikuwa barua hiyo au arudi kwenye nyanya. Hapakuwa na njia ya tatu, na sote tulijua.

Aliiandika mwenyewe kwanza. Kurasa mbili, Kiingereza chake kikavu, kisicho na pambo. Aliandika juu ya maji ya mfereji wa kwao na jinsi yalivyoyageuza kahawia meno ya darasa lake zima. Aliandika kwamba baba yake, ambaye hakuwahi kukosa kikao cha wazazi, siku moja alinyoosha mkono mbele ya mkuu wa shule akauliza kwa nini watoto wanafundishwa mito ya Ulaya na hawafundishwi kilichomo kwenye ndoo zao nyumbani. Wazazi wakamcheka. Yeye binti hakucheka, na swali lile hakuweza kuliacha.

Naikumbuka kwa sababu ilikuwa nzuri, na kwa sababu nilichukua kalamu nyekundu nikaipiga mstari kutoka kona mpaka kona.

"Hii haimlizi mtu," nikamwambia. "Baba yako tunamtoa."

"Tunamtoa anakwenda wapi, mwalimu?"

"Anafariki."

Akasema, "Lakini baba hata haumwi."

"Ni karatasi tu. Wazungu wakisoma una baba anayehudhuria vikao, watasema basi akusomeshe."

Binti mwingine yeyote angesema sawa. Huyu alikunja karatasi zake, akazitia kwenye mkoba. "Naomba nikamuulize kwanza," akasema.

Kesho yake asubuhi nilimkuta baba mtu ameshafika, ameegemeza baiskeli, anasubiri nifungue duka. Nilijua nimepatikana. Nikapanga maneno yangu kichwani huku nahangaika na kufuli. Lakini hakuja kugomba. Aliingia, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaweka kofia juu ya goti.

"Binti ameniambia mnataka nife," akasema.

"Kwa karatasi tu, baba."

"Nimeelewa. Nakufa na nini?"

"Nilikuwa nafikiria malaria."

Akacheka, mkono umefunika mdomo. "Malaria. Miaka yote nimelala bila neti haikuniweza, leo inakuja kuniua kwako dukani." Halafu akauliza mwaka. Nikamwambia binti alipokuwa darasa la tano, ni umri mzuri, anakumbuka lakini bado ni mtoto. Hivyo ndivyo nilivyosema, umri mzuri. Akahesabu kwa vidole.

"Sasa darasa la sita alivunjika mkono. Nilimbeba mimi mpaka hospitali. Hapo inakuwaje?"

"Tutaandika alibebwa na mama yake."

"Na nilipouza ng'ombe aende sekondari?"

"Mama."

"Haya," akasema. "Mama yake apewe. Hata hivyo amechoka zaidi yangu. Kama ndiyo njia, mwalimu, niandike."

Nikamwandika. Alikuwa amekaa hapo mbele yangu, hatua mbili, anatazama vidole vyangu vikigonga, na mimi namuua kwa Kiingereza kizuri. Aya ya tatu nikamzika kwenye migomba nyuma ya nyumba, kama desturi ya huku. Nikaweka kibatari. Alipoondoka alinishukuru, na kwa mara ya kwanza sikutaka malipo, nikadhani kutolipwa kutanisafisha. Hakukunisafisha.

Jibu likaja baada ya wiki mbili. Walikuwa wamelia, waliandika. Walikuwa wamelia sana hata wameamua, kwa kuwa watarudi Tanzania mwezi huo huo kwa ajili ya mlima, wapite wenyewe wamwone mama mjane na nyumba, ndipo waseme neno la mwisho.

Siku ya ugeni nilifika Kikwe mapema kuliko wageni, nikatoa amri kama mwenye mji. Baba aende sokoni Usa, asirudi mpaka jioni. Mashati yake yatoke kwenye kamba. Viatu vyake vya mvua viondoke mlangoni. Sebuleni kulikuwa na picha ya harusi yao, yeye kavaa suti ya kuazima, mkewe na shada. Mama aliishusha. Ukutani pakabaki mraba safi, rangi mpya katikati ya rangi iliyopigwa moshi, unamwambia kila mtu kwamba kuna kitu hapa kimebanduliwa leo. Nikatafuta kalenda ya kanisa, nikaitundika juu yake. Mama akanitazama nikitundika.

"Na mimi nivae nyeusi, mwalimu?" akauliza.

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kusaidia. Aibu yangu ni kwamba nilifikiri kwanza, ndipo nikamwambia hapana.

Wageni walikuja na gari la hoteli. Ningefurahi kama wangekuwa wajinga, au wenye majivuno, nipate pa kuuweka mzigo wangu. Walikuwa watu wazuri. Mume alikuwa na fimbo na aliomba radhi kwa kuchelewa. Mke alikuwa na maua ya hotelini yaliyofungwa kwa karatasi. Mama aliwapa loshoro, mahindi na maziwa mgando, kwenye vikombe, nami nikajiandaa kwa nyuso za kujilazimisha, lakini yule mama wa Kizungu alimaliza kikombe akaomba kingine. Binti alikaa kwenye kigoda katikati yao na mama yake, akitafsiri huku na huku. Wakamwuliza kuhusu chuo, akaeleza mambo ya maji kwa sauti ile ile aliyokuwa akisomea mezani kwangu. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, nikaanza kupumua.

Ndipo tukasikia hodi.

Alikuwa mlangoni na mkungu wa ndizi begani. Mwenye nyumba, mtu aliyeyafyatua matofali ya nyumba hiyo kwa mikono yake, amesimama kizingitini kwake anapiga hodi, anangoja kukaribishwa. "Mimi ni jirani," akasema. "Nimesikia kuna wageni, nikaona nisije mikono mitupu."

Mkewe akainuka, akaupokea mkungu. "Karibu ndani, jirani," akasema, na sauti ilimtoka vizuri, ila mkungu ukamponyoka, ukagonga sakafu.

Nilitamani kumtoa nje kwa masikio. Baadaye aliniambia alifika nusu ya njia ya Usa akageuza baiskeli. Alisema hakuweza kwenda kukaa gengeni akinywa chai wakati mtoto wake anaombewa kwa watu. Alitaka tu kuwaona hao watu uso kwa uso.

Mama wa Kizungu alifurahi kupata jirani. Akamwuliza kupitia kwa binti kama alimfahamu marehemu, na alikuwa mtu wa namna gani. Binti alitafsiri swali kama lilivyo. Alimwuliza baba yake, kwa Kiswahili, mbele ya mama yake, "Anauliza kama ulimfahamu baba yangu. Alikuwa mtu gani?"

Sikuwahi kumwona akiharakisha neno.

"Mtu wa kawaida," akasema. "Shule aliishia darasa la nne. Kupalilia alikuwa anachelewa, mke wake ni shahidi. Huyu mtoto alipokuwa anasoma kwa sauti, alikuwa anakaa nje chini ya dirisha asikilize, hata kama haelewi kitu. Alikuwa anaona aibu kuingia. Basi, hayo ndiyo ninayoyajua."

Binti alitafsiri yote. Hakuruka neno, na Kiingereza chake hakikuwa na kosa hata moja. Alimweka baba yake katika wakati uliopita kuanzia kitenzi cha kwanza mpaka cha mwisho, bila kuteleza. Na mimi mwalimu wake, nimekaa pale kwenye kochi lao, nilijivunia. Kwa nusu dakika nilijivunia sarufi. Ninapojikumbuka nikitikisa kichwa kwa kuridhika, nakosa hamu ya kula mpaka leo.

Kisha mke akashika yale maua yake, akauliza kaburi liko wapi.

Nilikuwa nimesahau. Mimi ndiye niliyeandika amelala kwenye migomba nyuma ya nyumba, nikaendelea na aya ya nne. Nikafungua mdomo niseme lolote, kwamba kuna matope, kwamba mila hairuhusu. Jirani akanitangulia. Alisimama, akavaa kofia yake, akasema, "Waje."

Akatuongoza nyuma, kupita banda la ng'ombe, mpaka kwenye tuta moja la zamani lililozungushiwa mimea ya masale, halina saruji wala jina. Akavua kofia tena. Wageni wakasimama na vichwa chini. Mume akaegemeza fimbo kwenye mgomba akakutanisha mikono. Mke akainama kwa shida, akaweka maua, na alipoinuka alikuwa analia machozi ya kweli. Akamshika binti bega, akamwambia asione haya, amwambie baba yake neno lolote, baba atamsikia.

Binti alisimama mbele ya tuta. Aligeuka. Akampa kaburi mgongo, akamtazama jirani usoni, akaongea. Aliongea kwa Kimeru. Mimi ni Mpare. Kimeru changu ni salamu na matusi mawili. Aliongea kwa muda mrefu, hakupaza sauti, na mikono aliiweka ubavuni kama mtoto anayehojiwa ofisini. Baba yake alisikiliza mpaka mwisho, akajibu maneno matatu au manne. Mama wa binti akakaa chini pale pale kwenye majani makavu ya migomba, akajifunika uso kwa khanga.

"Amesema nini?" mume akaniuliza mimi, maana binti alikuwa ameshaanza kurudi nyumbani peke yake.

"Amemuaga," nikajibu kwa Kiingereza. Mwongo hapungukiwi maneno.

Yule mzee akaitikia kwa kichwa. Akamwendea jirani, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema maneno aliyotaka niyafikishe. Nikayafikisha. Nilimwambia, "Anakuomba umtunze huyu binti kana kwamba wewe ndiye baba yake."

"Mwambie nitajitahidi," akasema.

Wakasema neno lao la mwisho hapo hapo uani, kabla ya kupanda gari. Watalipa, miaka yote minne.

Jioni baba mtu alinisindikiza mpaka barabarani nikatafute bodaboda. Nilitaka kumwomba msamaha lakini nilikuwa sijui nianzie wapi, hivyo nikauliza kaburi lile ni la nani.

"La baba yangu. Ndiye aliyenitoa shule, nikachunge. Nilimlilia sana, akakataa." Alitembea kidogo. "Leo amewekewa maua ya kumsomeshea mjukuu. Sijui huko aliko anajisikiaje."

"Na binti alikwambia nini pale?"

"Hayo ni ya kwetu, mwalimu," akasema kwa adabu, akasimamisha pikipiki.

Nimeacha kuandika ile ya kulia. Wakija nawaambia mashine imeharibika, wananitazama na mashine iko mbele yao inatoa karatasi. Wameshapata mwingine huko Tengeru, kijana ana printa ya rangi, nasikia yeye anaua wazazi wote wawili kwa bei ya mmoja. Mimi natoa fotokopi. Lakini barua moja siwezi kuiacha. Kila muhula binti anatakiwa awaandikie wafadhili wake maendeleo, na huwa ananitumia kwanza niipitie. Nao wakijibu hawasahau kumwuliza jirani. Walimtumia sweta zito la sufu, analivaa shambani baridi ya mwezi wa saba. Walimwandikia kwamba wanamshukuru Mungu kwa majirani kama yeye.

Binti yuko mwaka wa tatu sasa, bado mmoja. Mwezi uliopita alinitumia barua ya muhula. Ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, kavu, haina pambo. Aliandika alama zake, akaeleza mafunzo ya vitendo kwenye kisima kimoja kule Dodoma, na mstari wa sita akaandika kwamba likizo hii alimkuta baba yake anapata shida kuinuka kitandani asubuhi, hivyo anataka kumaliza upesi arudi nyumbani.

Niliusoma mstari huo mara nyingi. Nje mabasi yalikuwa yanapita. Nikafikiri kuuacha uende kama ulivyo, liwalo na liwe, yule mtu apumue. Nikafikiri na ada ya mwaka mmoja uliobaki. Kisha nikafuta neno "baba yangu", nikaandika "jirani yetu", nikamrudishia.

Alijibu baada ya dakika chache. "Asante mwalimu. Nilisahau."